Uzi maalumu: Namna ya kuchagua mabuti ya skii kulingana na mteremko na hali ya theluji

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, kila msimu wa theluji unapokaribia maswali kuhusu mabuti ya skii hurudi yaleyale, na majibu mengi huishia kwenye kitu kimoja tu, yaani ile namba ya ugumu iliyochapwa ubavuni mwa buti. Naomba safari hii tulijadili jambo hili kwa kina. Kila amri inayotoka kwenye goti na ugoko hupita ndani ya buti kabla ya kufika kwenye makali ya skii, kwa hiyo buti lisilofaa huigeuza skii nzuri kuwa mzigo, ilhali buti linalofaa humwezesha mtu kuitawala hata skii ya kawaida. Msimamo wangu, ambao niko tayari kuutetea, ni kwamba buti huchaguliwa kwanza kwa umbo la mguu, kisha kwa theluji ngumu kabisa ambayo mtu hukutana nayo mara kwa mara, na si kwa theluji ya unga anayoitamani mwaka mzima na kuipata siku chache.

Naanza na mguu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Saizi ya buti la skii hutolewa kwa kipimo cha Mondopoint, ambacho ni urefu wa wayo kwa sentimita: mwenye wayo wa sentimita 26.5 huanzia saizi 26.5. Ni vyema kufahamu kwamba kwa kawaida ganda la plastiki hutengenezwa kwa saizi nzima tu, hivyo katika modeli nyingi buti la 26 na la 26.5 hutumia ganda lilelile, na tofauti yake, kama ipo, ni ya bitana (kiatu laini cha ndani kinachotoka kwenye ganda) au soli ya ndani. Mtu akivaa buti la saizi yake halisi huku amesimama wima, vidole hugusa mbele, naye huamini kwamba buti ni dogo. Akifunga bizimu na kukunja goti, kisigino hurudi nyuma kikaingia mahali pake na vidole hupata nafasi. Wengi hawafiki hatua hiyo ya pili, wakachukua saizi moja au mbili zaidi, na baada ya bitana kusinyaa kwa matumizi hubaki na buti ambalo mguu unaogelea ndani yake.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuitoa bitana, kuingiza mguu katika ganda tupu hadi vidole viguse mbele kidogo tu, kisha kuangalia nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Nafasi ya milimita 15 hadi 20 huwafaa wengi. Wanaoshindana hukubali 10 au pungufu, na ikizidi 25 ganda hilo ni kubwa, hata likiwa la starehe namna gani dukani. Baada ya urefu huja upana, ambao watengenezaji huutaja kwa milimita: 97 au 98 ni buti jembamba, 100 ni la wastani, 102 na zaidi ni pana. Upana huo hupimwa kwenye saizi moja ya rejea, mara nyingi 26.5, kwa hiyo mwenye mguu mfupi asishangae buti lililoandikwa 100 likiwa jembamba kuliko alivyotarajia.

Haya yanahusiana moja kwa moja na theluji. Kwenye theluji laini, buti lililolegea huficha kasoro yake kwa sababu skii huelea na hazihitaji kushika kwa makali. Kwenye mteremko uliosawazishwa kwa mashine jioni na kuganda usiku, kasoro hiyohiyo hujitokeza kwenye kona ya kwanza: kisigino kikicheza ndani ya buti kama mpini wa jembe uliolegea, mguu hulala lakini skii hazilali, na makali hayaingii kwenye barafu. Ndiyo maana nasema tupime buti kwa theluji ngumu. Linalotosha huko mara nyingi hutosha kwingine, na kinyume chake hakiaminiki.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru, mleta mada. Mimi hutumia zaidi njia zilizosawazishwa. Asubuhi huwa zimeganda kabisa, na kufikia alasiri, hasa mwishoni mwa msimu, hugeuka kuwa theluji nzito yenye maji. Nimeshauriwa kununua buti lenye namba ya ugumu 120, na nilipolijaribu ndani ya duka lilipinda vizuri. Je, namba hiyo inanifaa?

Mleta mada

Ndugu, swali lako lina mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe.

La kwanza ni kwamba namba ya ugumu haina kiwango cha pamoja kati ya watengenezaji. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo 110 ya kampuni moja inaweza kulingana na 120 ya nyingine, na hata ndani ya kampuni moja, 120 ya buti pana la starehe huenda isipinde sawa na 120 ya buti jembamba la mashindano. Namba hizo hutusaidia kukisia tu. Anayeanza, au mwenye uzito mdogo, kwa kawaida hupata buti lake kati ya 60 na 90. Mwenye ujuzi wa kati hadi mzuri huangukia kati ya 90 na 120. Wataalamu na watu wazito wenye nguvu hufika 130. Na mabuti ya mashindano huvuka 140. Uzito na urefu wa mtu vina uzito sawa na ujuzi katika hesabu hii, kwa maana mtu mrefu huligandamiza buti kwa wenzo mrefu zaidi.

La pili, ambalo ndilo hasa kiini cha swali lako, ni halijoto. Maganda mengi ya mabuti ya kuteremkia hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki inayopendwa kwa sababu hupinda taratibu bila kuruka na humeza mtetemo, lakini hukakamaa kadiri baridi inavyozidi. Buti lililopinda vizuri penye digrii 20 ndani ya duka litakuwa gumu zaidi asubuhi penye digrii 10 chini ya sifuri, na alasiri yenye jua litalegea tena. Plastiki za aina ya poliamaidi, kama ile inayouzwa kwa jina la Grilamid, pamoja na Pebax, hazibadiliki sana kwa halijoto kama poliyurethani, na pia ni nyepesi. Wengi huona kwamba hurudi kwa kasi baada ya kupindwa, hivyo hisia yake kwenye njia yenye mawimbi haifanani na ile ya poliyurethani.

Kwa hiyo, kama dukani ulihisi kwamba 120 iko kwenye mpaka wa nguvu zako, mlimani asubuhi itakuwa imeuvuka mpaka huo. Buti lisilopinda humnyima mtu uwezo wa kusukuma ugoko mbele, naye bila kukusudia huketi nyuma, uzito ukahamia mikiani mwa skii, na skii hukataa kuanza kona. Jipime hivi: funga bizimu zote kama unavyofunga mlimani, kisha sukuma goti mbele polepole. Upinzani unapaswa kuongezeka kidogo kidogo hadi mwisho. Ukikutana na ukuta mwanzoni kabisa, shuka daraja moja. Goti likifika mbele mno bila kuzuiwa, panda.

Naomba pia tusichanganye ugumu wa kupinda mbele na uimara wa ubavuni. Barafu hudai zaidi huo uimara wa ubavuni, pamoja na kisigino kilichoshikwa barabara na shingo ya buti iliyokumbatia ugoko pande zote, kwa kuwa kazi ya kuulaza ukingo wa skii hufanywa kwa upande. Mtu mwepesi anaweza kupata buti la 100 lenye ubavu imara na likashika kwenye barafu vizuri kuliko 130 lililolegea.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mengi, ila nina pingamizi. Baadhi yetu hatuna haja na njia zilizosawazishwa. Sisi hupanda wenyewe kwa skii, tukibandika chini yake ngozi za kupandia, yaani tepe zenye manyoya zinazozuia skii kuteleza nyuma, kisha huteremka kwenye theluji ambayo haijaguswa. Kwetu sisi buti la kupimwa kwa barafu ni adhabu, kwa sababu muda mwingi zaidi wa siku unatumika kupanda. Uzito ndio unaoamua kila kitu.

Mleta mada

Pingamizi lako nalipokea kwa heshima, na sehemu yake kubwa ni kweli. Buti la kawaida la kuteremkia huwa na kilo 2 hivi au zaidi kwa kila mguu, wakati mabuti mengi ya kupandia huwa kati ya kilo 1 na 1.5. Mguu unaoinuliwa maelfu ya mara hadi kileleni huihisi kila gramu. Pamoja na uzito kuna mwendo wa shingo ya buti: wenzo wa nyuma ukifunguliwa kwa ajili ya kutembea, mabuti mengi ya kupandia huiruhusu shingo kwenda mbele na nyuma kwa digrii 60 hivi, na bila mwendo huo hatua hufupika na nyonga huchoka mapema. Vilevile buti la kupandia huhitaji vitobo vya chuma mbele na nyuma kwa ajili ya vifungio vya pini (vifungio ni vile vinavyolishika buti kwenye skii), mfumo uliobuniwa na Mwaustria Fritz Barthel miaka ya 1980 na ambao hadi leo ndio msingi wa vifungio vyepesi.

Hata hivyo, tuiangalie theluji yenyewe. Ile ya unga usioguswa haidumu. Upepo huigandamiza ikawa mabamba, jua huiyeyusha juu na usiku huigandisha tena, na matokeo yake ni tabaka jembamba linalobeba uzito kwa nusu sekunde kisha linavunjika chini ya mguu. Theluji ya namna hiyo huivuta skii huku na kule, na buti jepesi sana lenye shingo fupi na bizimu mbili huacha kazi yote ya kuirudisha skii ifanywe na misuli peke yake. Ndivyo ilivyo pia karibu na lifti, ambako theluji nzuri ya asubuhi hukatwakatwa na watu kufikia saa za mchana ikabaki mafungu mafungu yenye ugumu tofauti. Hapo uzito wa buti, ambao juu mlimani ulikuwa adui, huwa msaada, kwa maana kitu kizito hakirushwi kwa urahisi.

Ushauri wangu kwa anayepanda na kuteremka kwa uwiano sawa ni buti la kilo 1.3 hadi 1.6 lenye bizimu nne, au tatu na mkanda mpana juu. Anayepanda milima mirefu siku nzima, na ambaye kwake mteremko ni njia ya kurudi tu, aende chini ya hapo bila wasiwasi. Anayepanda mara chache, lakini hupenda kutoka kidogo nje ya njia kwa kutumia lifti, asinunue buti la kupandia kabisa. Kuna mabuti ya kuteremkia yenye shingo inayofunguka na vitobo vya pini, na hayo yanamtosha.

Mchangiaji wa tatu

Nafanya kazi ya kurekebisha mabuti ya skii, na ningependa kuongeza suala la usalama ambalo bado halijaguswa, nalo ni soli.

Soli ya buti lazima ikubaliane na kifungio kilicho kwenye skii. Buti la kawaida la kuteremkia lina soli bapa, ngumu na inayoteleza, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 5355. Buti la kupandia lina soli ya mpira iliyojipinda, chini ya ISO 9523. Kati ya hizo mbili ipo ile inayoitwa GripWalk, chini ya ISO 23223, ambayo ina mpira na mpindo kidogo wa kurahisisha kutembea. Kifungio kilichotengenezwa kwa soli bapa pekee huenda kisimwachie mtu mguu anapoanguka kama buti lake lina soli ya mpira, kwa sababu mpira hung'ang'ania pale ambapo soli ngumu ingeteleza. Hatari yake ni kuvunjika mfupa wa muundi au kuchanika kano za goti. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kununua buti bila kusoma alama zilizoandikwa kwenye kifungio chake, na baada ya kununua, kifungio kipimwe upya kwa buti hilohilo.

Soli huhusiana pia na ardhi. Anayevuka miamba au kutembea juu ya barafu kufika mwanzo wa mteremko anahitaji mpira wenye meno, na kama anafunga njumu za barafu, ahakikishe buti lina kingo za mbele na nyuma zinazozishika. Anayetoka kwenye lifti hadi kwenye mteremko hana haja ya hayo, na soli bapa humhudumia vizuri zaidi.

La mwisho upande wangu ni baridi. Watu wengi wanaolalamika kwamba vidole vinakufa ganzi huvaa soksi mbili au soksi nene, na hivyo kuubana mgongo wa mguu ambako mishipa ya damu hupita. Soksi moja nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, hutunza joto kuliko mbili. Kama mgongo wa mguu wako umeinuka, dawa si kulegeza bizimu zote. Ganda linaweza kupashwa moto na kusukumwa nje mahali panapobana, na bitana nyingi za siku hizi hufinyangwa kwa joto zikafuata umbo la mguu. Plastiki hupanuliwa kwa urahisi mahali padogo, lakini ganda lililo kubwa haliwezi kupunguzwa. Kwa sababu hiyo, mtu aliye kati ya maganda mawili namshauri achukue dogo.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kuhusu matuta na viwanja vya kurukia. Nimeambiwa huko hutakiwa mabuti laini kabisa.

Mleta mada

Si laini kabisa, ndugu. Kwenye matuta goti hukunjwa na kunyooshwa bila kupumzika, hivyo kinachotakiwa ni buti linalopinda kwa ulaini na kurudi bila kishindo, lakini lenye kisigino kilichoshikwa imara. Mabuti ya ganda la vipande vitatu, yenye ulimi wa plastiki ulio kando na ganda, yamependwa huko kwa miaka mingi kwa sababu ulimi ndio unaopinda na ganda la chini halitanuki. Kwenye viwanja vya kurukia huongezwa jambo moja, nalo ni kipande laini cha kumeza mshtuko chini ya kisigino, kwa kuwa anayetua vibaya hutua nyuma. Mwinamo wa mbele usizidi, kwani anayeteleza kinyumenyume anahitaji kusimama wima zaidi.

Nakushukuru sana, mchangiaji wa tatu, kwa suala la soli, ambalo nilipaswa kulitaja mapema. Ningeongeza kuhusu kufunga: ni vyema kuanza na bizimu iliyo karibu na kifundo, ile inayokirudisha kisigino nyuma, kisha zile za shingo, na mwisho zile za juu ya vidole, ambazo hazihitaji kukazwa sana. Pia, bizimu zikazwe kidogo zaidi asubuhi kwenye barafu na zilegezwe alasiri theluji inapolainika. Hivyo buti lilelile humhudumia mtu kwenye hali mbili tofauti, bila kununua jingine.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa, nitarudi kujaribu la 110 lenye ganda jembamba zaidi. Swali langu la mwisho: ndugu yangu ananipa mabuti yake ya saizi yangu, yaliyokaa stoo zaidi ya miaka kumi na tano bila kuguswa. Kwa macho ni mapya kabisa. Je, niyatumie huku nikitafuta mengine?

Mchangiaji wa tatu

Naomba nijibu hili, kwa kuwa huletewa mabuti ya namna hiyo mara kwa mara. Usiyatumie. Poliyurethani huharibiwa na unyevu wa hewa hata ikiwa imekaa tu, kwa kuwa maji huvunja minyororo ya molekuli zake polepole, na dalili hazionekani nje mpaka siku ganda linapopasuka vipande kwa pigo moja la baridi. Kama lingepasukia kwenye kaunta ya duka isingekuwa neno, lakini hupasuka likiwa mguuni, katikati ya mteremko, na skii huenda zake. Vifungio vilivyokuwa juu ya skii za umri huo pia huwa havipokelewi tena na mafundi wengi kwa ajili ya kupimwa.

Mabuti utakayonunua, yakaushe kila jioni kwa kuzitoa bitana, mbali na moto wa moja kwa moja. Msimu ukiisha, yafunge bizimu kwa wepesi ili ganda lisipoteze umbo, kisha yaweke mahali pakavu pasipo na jua. Na kabla ya kila msimu, angalia unene wa soli mbele na nyuma, kwa sababu kutembea juu ya lami na changarawe huila soli, na soli iliyolika hubadilisha namna kifungio kinavyoachia. Kwenye mabuti mengi vipande hivyo vya soli hufungwa kwa skrubu na hubadilishwa, kwa hiyo uliza kuhusu upatikanaji wake siku hiyohiyo ya kununua.